Shilingi Hailali Amu

Kaskazi ikikaa sawa, mashua hurudi Amu, mji wetu wa kisiwa cha Lamu, zikiwa nzito. Jioni moja ya Januari nilikuwa gatini nikimngoja ami yangu, ndugu mdogo wa baba, ambaye amevua kwa zaidi ya miaka 30. Alifika jua likizama, na ndani ya mashua mlikuwa na nguru, changu na tewa wawili wakubwa. Barafu hakuwa nayo. Aliondoka nayo alfajiri, ikawa maji kabla ya adhuhuri. Mnunuzi mwenye sanduku la barafu alikuwa mmoja tu pale saa ile. Akainama, akafunua mashavu ya nguru kwa kidole, akatikisa kichwa kama aliyepewa habari ya msiba, kisha akataja bei iliyopungua theluthi nzima kuliko ya jana yake. Ami hakubishana. Nilipomuuliza mbona amekubali upesi vile, alijibu huku akikunja tanga: "Ndoo uketi nikwambie. Mimi naweza kungoja hadi kesho. Samaki hawezi."

Tukizungumza maendeleo ya Lamu, mara nyingi tunahesabu vinavyoonekana kwa mbali: kilomita za lami, gati za bandari, mabilioni yaliyotajwa kwenye hotuba. Mimi nimejizoesha kuuliza swali dogo zaidi. Shilingi ikishavuka maji ikaingia kisiwani, inalala siku ngapi kabla ya kuvuka tena kurudi Mombasa? Mji mdogo unaweza kupitiwa na fedha nyingi ukabaki vile vile, kama njia panda inavyopitiwa na magari.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme mgeni ametumia shilingi 1,000 katika hoteli ya Shela. Kama hoteli inaagiza mboga, nyama, mayai na hata maji ya chupa kutoka nje ya kaunti, na faida inakwenda kwa mwenye mali aliye mbali, huenda kinachobaki hapa ni mishahara, tuseme shilingi 200. Waliopata hizo 200 nao wakinunua vitu kwa mtindo huo huo, zitabaki 40, halafu 8, halafu senti. Ukijumlisha yote tangu ile elfu ya mwanzo, mzunguko mzima umefikia shilingi 1,250. Sasa badilisha jambo moja tu: katika kila 1,000, zibaki 600. Mkono wa pili unapata 600, wa tatu 360, wa nne 216, na jumla inafika 2,500. Mgeni ni yule yule na noti yake ni ile ile, lakini kazi iliyofanyika mjini ni maradufu. Wachumi wanaita jambo hili kizidishi. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuingia darasa la uchumi, alikuwa akisema fulani "anakula na jirani", na maana ilikuwa hiyo hiyo.

Nisieleweke vibaya. Hakuna kisiwa kinachokaa kwa kujifungia, na Amu kuliko vyote. Kwa karne nyingi mababu walipakia boriti za mikoko kwenye majahazi wakazipeleka Uarabuni na Ghuba, wakarudi na tende, mazulia na vyombo. Mchele, unga, mafuta ya kupikia na petroli vitaendelea kutoka nje. Shilingi lazima iondoke, maana ndiyo biashara yenyewe. Suala ni mikono mingapi ya hapa imeishika kabla ya kuondoka.

Turudi kwa samaki, kwa sababu hapo ndipo jambo hili huonekana kwa macho. Mvuvi wa Kizingitini, Faza au Kiunga hauzi sokoni. Anamuuzia tajiri. Kwa asiye wa pwani, tajiri hapa si mtu mwenye fedha nyingi tu, ni mnunuzi aliyemkopesha mvuvi nyavu, injini ya boti, au petroli ya wiki. Deni hilo halina riba kwenye karatasi, na hilo lina uzito kwa watu wanaoogopa riba kwa dini yao. Lakini lina sharti: samaki wote waje kwangu, na bei nitaitaja mimi. Kutoka kwa tajiri samaki wanavushwa hadi Mokowe, wanapakiwa gari, wanakwenda Malindi, Mombasa na mbele zaidi, safari ya zaidi ya kilomita 300. Kila hatua bei inapanda, na hatua zenye faida nono ziko upande wa pili wa maji.

Watu wa semina hupenda kumfanya tajiri kuwa shetani. Sikubaliani nao. Huyo ndiye benki pekee inayofungua saa kumi ya alfajiri, isiyodai hati ya shamba, na inayomjua mkopaji kwa jina la mama yake. Ukimwondoa kabla ya kuweka kitu mahali pake, umemwacha mvuvi na mshipi mkononi. Nguvu za tajiri zimesimama juu ya vitu viwili, deni na barafu. Ukitaka kubadilisha bei ya samaki gatini, gusa viwili hivyo kwanza, mahubiri baadaye.

Angalia kamba mawe. Anayemvua anaweza kumhifadhi hai ndani ya tenga baharini, akangoja siku mbili, tatu, mpaka mnunuzi aje na bei ya maana. Changu hana bahati hiyo. Barafu inampa changu zile siku mbili, na mtu mwenye siku mbili mkononi anazungumza kwa sauti nyingine. Ndiyo maana mimi huona mtambo mdogo wa barafu kwenye gati la kijiji kuwa mradi mkubwa kuliko jengo la ghorofa tatu la ofisi, hata kama hauna mahali pazuri pa kukata utepe.

Mkono mwingine ambao husahaulika ni wa akina mama karanga, wanawake wanaonunua samaki wadogo gatini, wakawakaanga na kuwauza mtaani jioni. Faida yao ni ndogo, lakini karibu yote inalala hapa hapa: mafuta yamenunuliwa duka la jirani, kuni zimeletwa na punda wa mtaa, na faida imeingia kwenye upatu wa akina mama au ada ya madrasa. Samaki wakipungua au matajiri wakiwachukua wote, hawa ndio wa kwanza kurudi nyumbani na karai tupu. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, vile tunavyoviita BMU, vimekuwa na kanuni zake tangu 2007 na vina uwezo wa kuwatengea sehemu ya samaki wanaoshushwa. Penye uongozi mzuri hufanyika hivyo. Penye uongozi mbaya, BMU ni muhuri na daftari tu.

Sasa bandari. Machi 2012 marais Mwai Kibaki na Salva Kiir pamoja na waziri mkuu Meles Zenawi walikuja Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET, ule wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta kuunganisha pwani hii na Sudan Kusini na Ethiopia. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, kati ya gati 32 zilizomo kwenye mpango. Kina cha maji ni kizuri, meli kubwa zinaweza kufunga. Lakini bandari ya namna hii, kwa asili yake, ni mfereji unaopita shambani kwako kwenda kumwagilia shamba la mbali. Kontena linashuka, linapandishwa gari au meli nyingine, linakwenda. Usipochonga mlango kwenye mfereji, utaona maji yakipita na mihogo yako inakauka.

Na mfereji ule ulichimbwa mahali palipokuwa na watu. Uchimbaji wa njia ya meli ulichafua maji, ukaharibu matumbawe na kuwafungia wavuvi maeneo waliyozoea. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na haki zao za mazingira, utamaduni na uvuvi zilivunjwa. Wavuvi takriban 4,600 waliamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Baadaye ilikubaliwa katika mazungumzo kwamba sehemu iwe taslimu na sehemu iwe vyombo na vifaa vya kuvulia maji makubwa. Wengi walinung'unika kuhusu hiyo sehemu ya vifaa; walitaka fedha zao zote mkononi, na haki ya kunung'unika wanayo, maana waliodhulumiwa ni wao. Kwa hesabu ya kulala kwa shilingi, hata hivyo, boti yenye injini inaleta shilingi mpya kila wiki, ilhali taslimu ikilipwa kwa mkupuo katika mji usio na mahali pa kuiwekeza inakuwa pikipiki, televisheni na safari ya Mombasa. Ila boti ya maji makubwa bila barafu ni kumpeleka ami yangu mbali zaidi ili arudi na samaki walioharibika zaidi.

Mlango kwenye mfereji unafananaje? Meli inahitaji chakula, maji, mafundi wa kuchomelea, wa injini, wa umeme. Gari linalokwenda Ethiopia linahitaji gereji, hoteli ya kulala na mtu wa kubadilisha tairi pale Hindi, mji wa Lamu bara. Kijana wa Pate mwenye cheti cha ufundi anaweza kuuza hayo yote. Asiye na cheti atauza soda getini. Kwa hiyo chuo cha ufundi chenye mashine zinazofanya kazi ni sehemu ya bandari, hata kama kwenye ramani ya mradi hakimo.

Jambo moja hunichekesha na kunikera kwa pamoja. Mfuko wa saruji ukitoka Mombasa unashushwa Mokowe, unabebwa na hamali hadi kwenye boti, unavuka, unabebwa na hamali mwingine, unapakiwa punda, unapita vichochoro vya Mkomani hadi mlango wa nyumba. Mwenye nyumba analalamika kwamba saruji ya Amu ni ghali, na kweli ni ghali. Lakini hesabu waliolipwa njiani: hamali wawili, nahodha, mwenye punda, na mara nyingine mtoto wa kushika kamba ya punda. Gharama ya mmoja ni ugali wa mwingine. Mtaalamu akija na daraja au kivuko kikubwa cha magari ataionyesha bei ya saruji ikishuka, na atakuwa sahihi. Karatasi yake haitamwonyesha mwenye punda. Sisemi punda wabaki kwa sababu watalii wanapenda kuwapiga picha. Nasema kila gharama inayofutwa ina jina la mtu, na jina hilo liandikwe kwenye hesabu kabla ya kuifuta.

Barabara ya Garsen hadi Lamu kupitia Witu inatufundisha hivyo hivyo. Ilipokuwa vumbi na matope, na baada ya mashambulizi magari yakasafiri kwa msafara wa polisi, samaki na maembe ya Mpeketoni yalioza njiani. Siku hizi ni lami. Samaki wanafika Mombasa wangali wazuri. Na mkate wa kiwanda cha Mombasa unafika Amu ungali laini, ukamkuta mwoka mikate wa mtaa wa Langoni amefunga tanuri. Barabara haina upande. Inabeba kwa yeyote mwenye mzigo ulio tayari.

Fedha za serikali ndizo nyingine zinazoingia kila mwaka. Katiba ya 2010, ibara ya 203, inataka kaunti zote 47 zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lamu hupata fungu dogo kuliko zote. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 lilikuwa kama shilingi bilioni 3.1 kati ya bilioni 370. Sababu kubwa ni idadi ya watu, kwani sensa ya 2019 ilihesabu Lamu watu 143,920, na fomula ya mgao inatazama sana idadi ya watu. Haitazami kwamba zahanati ya kisiwa cha Ndau haifikiki kwa gari, kwamba dawa zinakwenda kwa boti na mgonjwa anarudi kwa boti, mawimbi ya kusi yakiruhusu.

Ila hata hizo kidogo zina namna ya kulala au kutolala. Sheria ya manunuzi ya umma ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na inataka asilimia 20 ya manunuzi ya kaunti yawe ya wakazi wa kaunti yenyewe. Sasa tuseme shule zinahitaji madawati 500. Yakitangazwa kama zabuni moja, seremala wa Matondoni hana mtaji wala karatasi za kushindana. Itashinda kampuni ya mbali, nayo italeta madawati tayari kwa lori. Yakigawanywa mafungu ya 50, karakana kumi zitafanya kazi msimu mzima, na mbao zitapasuliwa hapa. Dawati litakuwa ghali kidogo. Mimi ningelilipia.

Na walipwe. Hili halina falsafa. Seremala anayekopa mbao, akatengeneza madawati, akangoja malipo miezi kumi na minane, amekopesha serikali kuliko serikali ilivyomsaidia. Namjua mmoja aliyeuza randa yake ya umeme kulipia mbao alizokopa huku hundi yake ikisemekana iko njiani. Mafundi wengi wazuri hawaombi tena zabuni, wanawaachia wenye uwezo wa kungoja. Ni ile ile hadithi ya samaki: anayeweza kungoja ndiye anayepanga bei.

Utalii nao una sura mbili, na ukitaka kuziona linganisha wageni wa aina mbili. Malindi ilikua kwa wageni wa Italia, wengi wakilipia safari nzima nyumbani kwao: ndege, kitanda, chakula, hata mvinyo. Fedha nyingi katika safari ya namna hiyo hazikupata kuiona Kenya. Zilizofika zilikuwa mishahara, kodi na bakshishi, na ajira zile zililea nyumba nyingi, sizidharau. Sasa tazama Maulidi ya Amu, mwezi wa Mfungo Sita, tangu zama za mwanachuoni Habib Swaleh na msikiti wake wa Riyadha. Wageni wanatoka Tanzania, Komoro na pwani nzima. Hawana dola wala euro. Wanalala majumbani, mikeka mitatu chumba kimoja, wanakula mahamri na samaki wa kupaka, wanashonesha kanzu na kofia, wanakodi boti kwenda Shela. Kila mmoja anatumia kidogo, lakini kinapita mikononi mwa watu wa hapa mara tatu, mara nne. Hakuna hoteli inayojivunia Maulidi kwenye tangazo, na bado ukiwauliza wauza duka wa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, wiki gani walivuna, wengi watakutajia hiyo.

Utalii wa kizungu una udhaifu mwingine, hofu. Mwaka 2011 wageni wawili walitekwa, mmoja Kiwayu na mmoja Manda, na mwingine akauawa palepale Kiwayu. Hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine. Mwaka 2014 likaja shambulio la Mpeketoni. Wavuvi nao walizuiwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa, kana kwamba samaki nao wana amri ya kutotoka nje. Mji ulioegemea mlango mmoja uligundua ulikuwa na mlango mmoja.

Ardhi nitaigusa tu, maana peke yake ni makala. Asiye na hati hawezi kukopa, na sehemu kubwa ya Lamu watu wameishi vizazi juu ya ardhi ambayo sheria ya kikoloni ya 1908 iliihesabu kuwa ya serikali kwa sababu hakuna aliyeandikisha dai. Huku kampuni 22 zikipewa ekari kama 500,000, umiliki ambao Rais Uhuru Kenyatta aliufuta mwaka 2014. Mkulima wa Witu akiwa na karatasi yake ataenda benki, au kwenye taasisi isiyotoza riba, na kwa mara ya kwanza deni lake halitakuwa na harufu ya samaki.

Kuhusu barafu: kijiji kimoja cha visiwani kiliwahi kuletewa mtambo na wafadhili, nami nilikuwapo siku ya ufunguzi. Pilau ililiwa, ngoma ikachezwa, dua ikasomwa. Kwa miezi saba wavuvi walitengeneza barafu yao, na bei gatini ikapanda bila mtu kugombana na mtu. Mwezi wa nane kibandiko kimoja cha mpira kikapasuka kwenye pampu. Kilikuwa kidogo kuliko kiganja changu. Hakuna aliyefunzwa kukibadilisha. Simu ikapigwa Mombasa, fundi akaahidi wiki ijayo, wiki ijayo ikawa kusi, na boti hazikuvuka. Alipofika hatimaye, alikaa dakika arubaini, akalipwa zaidi ya alichopata mvuvi mwezi ule, akarudi na boti ya jioni. Kijana wa kumshikia tochi alitazama kila alichokifanya. Nilimuuliza kama sasa anaweza mwenyewe.

"Naweza," akasema. "Lakini kibandiko hakiuzwi hapa."

Akavua kofia, akanionyesha ndani. Kile cha zamani, kilichopasuka, alikuwa amekihifadhi ili akipata nauli akakipimishe mjini.